Kuchagua jaketi la kuzamia: anza na uzito wako, duka baadaye

Kila upepo wa kusi unapolegea na vituo vya kuzamia kuanza kujaa, maswali kuhusu jaketi la kuzamia, lile linalotiwa hewa ili likueleshe, huwa ni yale yale. Mbona jaketi langu linanipanda hadi masikioni? Mbona nikibonyeza kitufe cha kutoa hewa bado napaa? Nimeuziwa zuri kabisa, mbona sasa linajijaza lenyewe?

Wanaouliza si wageni wa bahari. Wengi ni vijana waliopata cheti Nungwi, Mafia, Diani au Watamu, wameanza kuongoza wageni na wamechoka kuazima vifaa vya kituo. Fedha wanayo, kwa tabu, na wanaitumia vibaya kwa sababu ya mpangilio tu: wananunua jaketi kwanza, halafu wanatafuta namna ya kulizoea. Anayeanza kwa kujua uzito wake majini huingia dukani akiwa na karatasi mkononi, na nusu ya majaketi yaliyotundikwa humo hayamhusu tena.

Mwongozo huu ni wa uzamiaji wa burudani, yaani usiozidi mita 40, kwa mtungi mmoja wa hewa mgongoni. Ni wa mtu mwenye cheti tayari. Kama huna, kajifunze kwanza kwa mwalimu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Suti unazozamia nazo. Kama una ya milimita 3 na ya milimita 5, leta zote.
- Vipande vya risasi vya kujiongezea uzito, vya nusu kilo na kilo moja, jumla ya kilo 8 hivi, na mfuko wa wavu.
- Mtungi wa aina ile unayotumia kila siku, pamoja na regulata (kifaa cha kupumulia) yenye hosi ya kujazia jaketi.
- Bwawa la kuogelea, au sehemu ya bahari iliyotulia ambako miguu haifiki chini. Chagua siku za maji mafu, mkondo usikusumbue.
- Beseni kubwa, kalamu, karatasi.
- Mwenzako wa kuzamia. Hakuna jaribio la majini humu la kufanywa peke yako.

Kwa jaketi la mtumba, tenga pia usiku mmoja mzima. Sababu utaiona hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jua unahitaji risasi kiasi gani

Vaa suti yako, azima jaketi lolote, tumia mtungi uliobakia na bar 50 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa). Ingia maji yanayokupita kimo. Toa hewa yote kwenye jaketi, weka regulata mdomoni, vuta pumzi ya kawaida uishike, na usipige mapezi.

Maji yanatakiwa yakufike machoni. Ukitoa pumzi, unatakiwa uzame taratibu. Ukibaki unaelea hadi mabegani, ongeza nusu kilo. Ukizama huku mapafu yamejaa, punguza nusu kilo. Rudia mpaka itulie.

Kwa nini bar 50? Kwa sababu hewa ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 hubeba hewa ya karibu kilo 2.7. Ukirudi na bar 50, kilo 2 kati ya hizo umekwishazipumua, na mtungi ule ule ulioanza safari ukizama sasa unataka kuelea. Anayejipima kwa mtungi uliojaa bila kulifikiria hili hujikuta mwisho wa safari, pale anaposimama kwa usalama kwenye mita 5 kabla ya kutoka juu, anapaa bila kutaka. Kama mtungi uliojaa ndio pekee ulio nao, jipime nao kisha ongeza kilo 2.

Mtungi wa chuma ni habari nyingine. Mingi hubaki inazama hata ikiisha hewa, kwa hiyo risasi hupungua. Pima upya kila unapobadilisha aina ya mtungi.

Na kama unazamia Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, kipimo cha baharini hakikufai. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kwa takriban asilimia 2.5. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote wanafika kilo 100 hupunguza kama kilo 2 na nusu za risasi akitoka baharini kwenda ziwani.

Ukifaulu: una mstari mmoja kwenye karatasi, kwa mfano "kilo 4, suti milimita 3, alumini, bahari".

Tahadhari: usiandike idadi uliyozoea kubeba. Wengi tulifundishwa tukiwa na risasi nyingi kupita kiasi ili tutulie sakafuni tukifanya mazoezi, na idadi ile imetuganda kichwani mpaka leo.

## Hatua ya 2: Pima suti yako inaelea kiasi gani

Loweka suti, ikamue viputo vyote chini ya maji, ikunje ndani ya mfuko wa wavu. Tia risasi kidogo kidogo hadi mfuko uanze kuzama. Uzito huo ndio nguvu ya suti yako.

Suti mpya na nene huelea zaidi. Iliyochakaa imeshabonyea, haina nguvu ile tena. Ndiyo maana siweki hapa jedwali la suti: mbili za unene mmoja zinaweza kutofautiana mno, na yako iko mbele yako.

Namba hii ina kazi kubwa. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na viputo vilivyomo ndani ya kitambaa cha suti hubanwa sana. Kile kilichokuwa kinakuelesha pale mashuani, kule chini kimepungua sana. Jaketi ndilo linaloziba pengo hilo.

Pwani yetu maji hufika nyuzi 29 mwezi wa Machi na kushuka hadi 25 hivi wakati wa kusi, Julai na Agosti. Kwa hiyo mzamiaji huyo huyo ana suti mbili na hesabu mbili. Fanya zote.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya nguvu ya kuinua

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Kila jaketi lina kikomo cha uzito linaloweza kuubeba majini, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye lebo. Majaketi ya soko la Ulaya huandika kwa nyutoni. Gawanya kwa 10 upate kilo. Ya Marekani huandika kwa pauni. Gawanya kwa 2.2.

Jiulize jaketi litakubeba katika hali tatu. Nachukua mfano wa kiongozi wa wageni mwenye suti inayoelea kilo 2, risasi zake kilo 4, na kilo 2 za akiba kwa ajili ya mgeni atakayeshindwa kuzama.

Chini kabisa, mwanzo wa safari. Hewa ambayo bado hujaitumia, kilo 2. Suti iliyobanwa, kilo 2. Risasi ya akiba, kilo 2. Jumla kilo 6.

Juu ya maji, wewe ukiwa ndani ya jaketi. Kichwa na shingo vikitoka nje ya maji vina uzito wa kilo 5 hivi. Hewa kilo 2, akiba kilo 2. Jumla kilo 9.

Juu ya maji, jaketi likiwa peke yake. Hali hii husahauliwa, ilhali kwetu ni ya kila siku: kwenye mashua nyingi unavua kila kitu ukiwa majini, baharia anakipokea, ndipo unapanda. Kama risasi zako zimo kwenye mifuko ya jaketi, hesabu inakuwa kilo 4, na 2 za akiba, na kama kilo 2 za mtungi uliojaa na regulata yake. Jumla kilo 8. Jaketi lisiloweza kuzibeba hizo, ukiliachia tu, limekwenda.

Chukua jumla iliyo kubwa kuliko zote, hapa ni 9, kisha ongeza kilo 3 za usalama. Mtu huyu anahitaji jaketi la kilo 12.

Sasa mpe suti ya kusi ya milimita 5: risasi zipande hadi 6, suti iwe inaelea kilo 4. Chini anafikia 8, juu anabaki 9, jaketi peke yake 10. Ongeza 3, unapata 13. Umeona? Hata kwa suti nene hakufika popote karibu na kilo 20 au 25 ambazo wauzaji huzisifia.

Na nguvu ya ziada ina gharama. Mfuko mkubwa wenye hewa kidogo huiacha hewa itangetange ndani, ikikimbilia bega hili ukigeuka huku na nyonga ile ukigeuka kule, na kuitoa yote kunahitaji ujipinde. Tena hewa hupanuka ukipanda. Lita 3 ulizotia kwenye mita 30 zinataka kuwa lita 12 ukifika juu, na upanuzi mkubwa kuliko wote uko kwenye mita 10 za mwisho, ambako ujazo huongezeka maradufu.

Ukifaulu: karatasi yako ina namba moja, ya suti nene kuliko zote. Jaketi lililo chini ya namba hiyo usilinunue hata kwa bei ya bure. Lililoizidi mara mbili, waachie wenye mitungi miwili.

Tahadhari: jaketi la kuzamia si boya la kuokolea maisha. Mtu akizimia, halina ahadi ya kumgeuza uso ukaangalia juu. Mashua iwe na maboya yake halisi, na usiruhusu mtu ayaache ufukweni kwa hoja kwamba "kila mmoja ana jaketi lake".

## Hatua ya 4: Chagua umbo

Yapo matatu ya kuzingatia.

La fulana. Kibofu chake cha hewa huzunguka mbavuni na mgongoni. Juu ya maji hukusimamisha wima vizuri, mifuko ni mingi, na ndilo wengi walilojifunzia. Kasoro yake ni kwamba likijaa linakubana tumbo na kifua. Linamfaa anayezamia mara chache kwa mwaka.

La kujaa mgongoni. Kibofu chote kiko nyuma, kifua kiko huru, na mwili hulala vizuri majini. Juu ya maji, ukilijaza kupita kiasi, linakusukuma uso uinamie mbele. Dawa yake ni kutojaza mno, kuegemea nyuma, na kuhamishia risasi kidogo kwenye mifuko ya karibu na mtungi.

Bamba na bawa. Bamba la chuma au alumini mgongoni, mkanda mmoja mrefu uliopitishwa kwenye matundu yake, na kibofu kinachofungwa katikati ya bamba na mtungi. Bamba la chuma kisichoshika kutu huwa na kilo 2 na nusu hadi 3, na uzito huo unautoa kwenye risasi zako.

Kwa kiongozi anayeingia majini kila siku, mimi nasema achukue bamba na bawa dogo, na sababu yangu ni ya ufundi. Mkanda ukikatika unanunua mkanda. Kibofu kikitoboka unanunua kibofu. Jaketi la fulana likifa kibofu, limekufa lote. Isitoshe, bamba humkaa mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, kwa kurekebisha mkanda tu. Ubaya wake ni kwamba uzito wa bamba huwezi kuuangusha wakati wa dharura. Basi baki na kilo kadhaa za risasi mahali unapoweza kuzitupa.

Ama kuhusu majaketi mepesi ya safari, yale ya kilo 2 hadi 3, hayo ni ya mtu anayepanda ndege ndogo za kwenda Mafia au Pemba ambako mzigo wako wote ukizidi kilo 15 unaanza kujieleza. Kitambaa chake ni chepesi. Kwa kazi ya kila siku hakitadumu.

## Hatua ya 5: Livae, ulijaze, ulipinde

Usichague saizi kwa herufi iliyo kwenye lebo. L ya kampuni moja ni M ya nyingine. Vaa suti, kisha jaketi, na mtungi ukiwa umefungwa. Jaketi lisilo na mtungi hukaa vizuri kwa kila mtu, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Fanya haya kwa utaratibu huu:

1. Legeza mikanda yote, vaa, funga mkanda wa tumbo kwanza, halafu wa kifua, mwisho kaza mabega. Ukianza na mabega, jaketi litakaa juu mno na utalaumu saizi bure.
2. Lijaze mpaka vali ya usalama itoe hewa yenyewe. Vuta pumzi ndefu. Kama kifua kinakataa kufunguka, ni dogo, au umbo lake halikufai.
3. Mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi na kuyavuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Majini litafanya hivyo hivyo, wakati unapohitaji litulie.
4. Inua kichwa uangalie juu kama aliyelala kifudifudi majini. Kisogo kikigonga regulata, shusha mtungi. Ukishashuka vya kutosha na bado kinagonga, jaketi ni refu kwa mgongo wako.
5. Tafuta kwa mkono, macho umefumba: inflata (kishikio chenye vitufe vya kujaza na kutoa hewa), kamba ya kutolea hewa ya begani, ile ya chini nyuma, na kila klipu. Ukikosa kimoja mara mbili mfululizo, lirudishe.
6. Kagua mikanda imebakiza kiasi gani. Ikiwa imekazwa hadi mwisho ukiwa na suti ya milimita 5, siku za joto utakapovaa fulana nyepesi tu itakulegea, na huna pa kuongeza.

Kwa wanawake, angalia mkanda wa kifua unapita wapi na kama unaweza kusogezwa juu au chini. Yapo majaketi yaliyokatwa kwa umbo la kike, yenye mgongo mfupi na mabega yaliyopinda, na tofauti yake utaisikia mara moja. Anayezamia amejifunika kichwa ahakikishe kitambaa kimebanwa ndani ya suti, mbali na hosi na kamba ya begani.

Ukifaulu: likiwa limejaa halikupandi, likiwa tupu halikuning'inii, na mikono inafika kila mahali bila kutafuta.

## Hatua ya 6: Kagua inflata na vali

Mimi ningetumia muda mwingi hapa kuliko kwenye hatua nyingine yoyote. Kibofu kikivuja utasumbuka. Inflata ikikwama ikiwa imefunguka, inakurusha juu.

Unganisha hosi, fungua mtungi. Usiguse kitu. Tega sikio karibu na kitufe cha kujazia kwa dakika kadhaa, sehemu yenye utulivu. Sauti yoyote ya hewa inayopita, hata kama mnong'ono, maana yake inflata inajaza yenyewe. Kisha bonyeza na kuachia haraka mara kumi. Kitufe kirudi kila mara, na hewa ikatike papo hapo.

Angalia kwa macho pembezoni mwa kitufe. Pete nyeupe ya chumvi iliyokauka, ngumu kama imechorwa kwa chokaa, inakwambia kifaa hicho hakikuoshwa. Ndani yake chumvi ni nyingi zaidi, na ndiyo inayokwamisha kitufe.

Nyoosha hosi ya mikunjo kwa vidole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Mpira uliochoka huonyesha nyufa chini ya mikunjo, mahali ambapo ukiitazama ikiwa imelegea huoni kitu.

Vuta kila kamba ya kutolea hewa. Hewa itoke kwa nguvu, na ukiachia, vali ifunge bila kuendelea kupumua. Hesabu pia vali zenyewe. Ya begani na ya nyuma chini ni lazima. Ukiwa unaelekeza kichwa chini ukimfuata mgeni anayeshuka ukutani, hewa iko kiunoni, na vali ya begani haikusaidii.

Muulize fundi wa kituo unachofanyia kazi ana vipuri vya inflata gani. Swali hili lina thamani kuliko jina la kampuni. Oringi (pete ya mpira) ya bei ndogo ikikosekana Unguja au Mombasa, jaketi la bei kubwa linakaa stoo wiki nyingi. Tazama pia kiungio cha hosi: inflata zenye mdomo wa akiba wa kupumulia ndani yake mara nyingi hutumia kiungio kikubwa cha kwake, na hosi ya kuazima haitaingia.

Sasa mifuko ya risasi. Jaketi likiwa na mifuko ya risasi ya ndani, ijaze, linyanyue, litikise kwa nguvu. Mfuko usitoke. Halafu vuta mshikio kwa mkono mmoja. Sasa utoke mara moja. Yote mawili ni lazima. Mfuko unaodondoka wenyewe kwenye mita 20 hukupaisha usipojiandaa, na usiodondoka unapotaka haukusaidii juu. Mifuko inayoshikwa na velkro peke yake ikaguliwe mara kwa mara, kwani mchanga huimaliza.

## Hatua ya 7: La mtumba lilale kwako usiku mmoja

Majaketi mazuri ya mtumba yapo pwani hii. Walimu wanaorudi kwao huuza vyao, na vituo huuza vya kukodisha vinapobadilisha. Vya walimu mara nyingi huwa vizima. Vya kukodisha vimevaliwa na watu wasiovijali, kagua mara mbili.

Jioni, lijaze kwa mdomo au hosi mpaka liwe gumu, tenganisha hosi, liweke ndani ya nyumba. Usiliache nje: jua huipanua hewa na ubaridi wa alfajiri huisinyaza, na kipimo kinaharibika. Asubuhi liwe bado limesimama. Kulegea kidogo si kitu. Likilala kabisa, lizamishe kwenye beseni kipande kwa kipande ufuate viputo. Vikitoka kwenye vali, huenda ni mchanga au oringi, na fundi atamaliza. Vikitoka kwenye mshono, usinunue.

Kisha mimina maji safi ndani kupitia inflata, tikisa, yamwage kwenye beseni jeupe. Yakitoka na vipande vyembamba kama ngozi, utando wa ndani unabanduka. Vipande hivyo hukwamia kwenye vali na kuizuia isifunge. Hapo hakuna la kupatana bei.

Mwisho, andika jina la kampuni, modeli na namba ya jaketi, ingia kwenye tovuti ya kampuni uone kama waliwahi kuliita lirudi kwa kasoro. Makampuni hufanya hivyo mara kwa mara.

Tahadhari: usivute pumzi kutoka ndani ya jaketi, hasa la mtu mwingine. Ndani ni kwenye unyevu na giza, na ukungu hukaa humo. Unapojaribu kwa mdomo, puliza tu.

## Hatua ya 8: Jaribu majini kabla ya kulipa yote

Muuzaji mwaminifu atakubali. Anayekataa, muulize kwa nini.

Bwawani, ukiwa na risasi za hatua ya 1 na mwenzako pembeni, kaa katikati ya maji kwenye mita 2 bila kupiga mapezi. Lala kifudifudi. Miguu ikizama, sogeza risasi juu au pandisha mtungi. Kichwa kikizama, fanya kinyume. Jaketi linalokulazimisha kupiga mapezi muda wote ili ulale sawa litakumalizia hewa.

Toa hewa yote katika mikao mitatu: wima, kifudifudi kwa vali ya nyuma, na kichwa chini. Baada ya kila mmoja, mwenzako akubonyeze mgongoni aone kama kuna kiputo kilichobaki. Hili ndilo linalotenganisha jaketi zuri na jaketi la picha.

Rudi juu, tenganisha hosi, lijaze kwa mdomo hadi likubebe. Angusha mfuko mmoja wa risasi kwa mkono mmoja. Mwishowe livue, liachie na vifaa vyake vyote pamoja na risasi, ulitazame. Lielee, vali ya mtungi ikionekana. Livae tena humo humo majini.

Ukifaulu: umefanya yote bila kuangalia chini kutafuta klipu.

Safari yako ya kwanza ya baharini nalo iwe mahali penye sakafu, mita 10 hadi 12, kama ndani ya Ghuba ya Chole kule Mafia au miamba ya karibu na ufukwe unayoijua. Usilipeleke moja kwa moja kwenye kuta za Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, ambako chini yako Mlango wa Bahari wa Pemba una kina cha mamia ya mita na kila kosa la kuelea linakushusha.

Ukitoka, lioshe nje na ndani kwa maji yasiyo na chumvi: tia lita moja au mbili kupitia inflata, geuza, yatoe kwa vali ya chini, rudia. Bonyeza vitufe vyote chini ya maji hayo. Litundike kivulini, limejaa nusu, kuta za kibofu zisigusane. Na kabla hujaondoka kazini, tega sikio tena kwenye kitufe cha kujazia, kama ulivyofanya siku ya kulinunua.